Paka mzee anakula sana ila anakonda
Pole ndugu. Paka wa miaka 13 anakula kutwa halafu mbavu zinaonekana, usiku analia tu, hapo mi nashuku thairoidi, ile tezi ya shingoni imezidisha homoni. Wangu alianza hivyohivyo nikadhani minyoo, nikapoteza miezi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe damu, kipimo kinaitwa T4, na waangalie figo na presha siku hiyohiyo maana thairoidi huficha ugonjwa wa figo. Dawa ni methimazoli kila siku (kumeza kidonge ni vita, ulizia ya kupaka sikioni), damu inapimwa tena baada ya wiki 2 hadi 4. Akitapika, akigoma kula au akijikuna sana uso mpigie daktari, akihema mdomo wazi usisubiri kesho.