Anzia kwenye maji, sio kwenye tabia

Dada, umeuliza kwa nini vyura wawili wa sumu wa Peru, ndugu kabisa, mmoja wanalea baba na mama na mwingine baba tu. Angalia maji! Ranitomeya imitator, yule wa baba na mama, anaweka kiluwiluwi kwenye maji yaliyotuama katikati ya majani, kama mililita 24 hivi, humo chakula ni kidogo sana, sasa dume anamwita jike anamwongoza mpaka pale, jike anataga yai lisilorutubishwa na kiluwiluwi kinalila. Inapendeza mno aisee. Ranitomeya variabilis, yule wa baba tu, yeye anatafuta vidimbwi vikubwa zaidi, baba anakibeba kiluwiluwi mgongoni anakishusha, basi. Na imitator ndo anakaa na mwenzi mmoja. Kwenye ripoti yako weka ujazo wa maji kwanza, malezi yafuate.