Damu nyingi wiki kadhaa baada ya upasuaji wa kujifungua: msianze na kusafisha kizazi

Mama anayetokwa damu nyingi wiki kadhaa baada ya upasuaji wa kujifungua asisafishwe kizazi kabla ya altrasaundi ya Dopla ya rangi, yaani ile inayoonyesha mwendo wa damu kwenye mishipa. Kama tatizo ni mshipa uliojeruhiwa kwenye kona ya mshono, kijiko cha kusafishia kizazi kinaweza kuupasua, na mama akapoteza damu nyingi mno ndani ya dakika chache. Altrasaundi ya kawaida huonyesha tu uwazi mweusi ndani ya ukuta wa kizazi, ambao ni rahisi kuudhania kuwa maji au damu iliyoganda. Dopla ndiyo huonyesha damu ikizunguka humo kwa kasi. Apimwe pia homoni ya mimba kwenye damu, kwa sababu mabaki ya kondo na mimba zabibu (kondo linalokua isivyo kawaida) huleta picha inayofanana.

Dopla ikionyesha mkusanyiko wa mishipa isiyo ya kawaida wenye kasi ya damu chini ya sentimita 40 kwa sekunde, na mama hatokwi damu nyingi, mara nyingi mkusanyiko huo hupotea wenyewe. Hufuatiliwa kwa Dopla. Kasi ikizidi sentimita 80 kwa sekunde, au ukuta wa ateri umechanika na kufanya kifuko, tiba ni kuziba ateri za kizazi kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye kinena. Kizazi hubaki, na wengi hupata hedhi tena.

Huduma hiyo iko hospitali chache kubwa, kwa hiyo rufaa ianze mapema. Akiwa anavuja sana njiani: dripu, damu ya kuongezwa, na puto la katheta ya Foley (mrija wa mkojo wenye puto) ndani ya kizazi likijazwa maji safi ya dripu taratibu hadi damu ipungue.