Ukiwa na mbwa mzee, amka nusu saa mapema

Bosi ana miaka 13 sasa. Kaka yangu alivuka naye feri ya Likoni ndani ya kikapu, kijibwa cha kawaida cha mtaani kilichofunikwa leso. Leo mdomo wake umekuwa mweupe kama aliyeuchovya kwenye tui, macho yamepiga ukungu wa samawati, na honi ya tuktuk haisikii mpaka iwe mgongoni mwake.

Kwa miaka mingi asubuhi zangu hapa Bamburi, Mombasa, zilikuwa za mbio. Naoga, nanywa chai nimesimama, natoka kwenda stejini. Mwaka jana, siku moja nimechelewa, nilimvuta kwa kamba kabla hajajikusanya. Miguu ya nyuma ikateleza kwenye vigae, akaangukia nyonga. Hakubweka wala kulia. Alibaki pale chini akingoja nimwambie la kufanya. Siku tatu nzima alisimama kwa taabu, na mimi nilikuwa sina pa kuuweka uso wangu.

Tangu hapo naamka na adhana ya alfajiri. Hiyo nusu saa niliyoiongeza ndiyo ushauri wangu wote, yaliyobaki ni maelezo.

Usimwamshe ghafla. Mbwa asiyesikia vizuri akishtuliwa usingizini anaweza kuuma hata mkono anaoupenda. Mimi hupiga kisigino sakafuni apate mtikisiko, kisha naweka kiganja karibu na pua yake anuse. Mkia ukipiga mkeka mara mbili, tumeshaamkiana.

Halafu mwache ainuke mwenyewe, nawe keti umtazame. Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka kabisa. Mbwa mwenye maumivu ya viungo hukakamaa zaidi anapotoka kulala, akitembea kidogo analegea. Ukimtazama jioni tu utadhani yuko sawa, na utamwambia daktari wa mifugo hivyo hivyo. Ni katika kuketi kule ndipo niligundua kwamba Bosi anauegemea mguu wa kulia na kuuburuta wa kushoto kwa hatua nne au tano za kwanza. Daktari alipoelezwa hilo alijua pa kushika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauriwa kwenye duka moja la dawa nimkatie kidonge cha maumivu cha watu. Nashukuru niliuliza kwanza: dawa kama ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Na kama mbwa wako ameanza kunywa maji kupita kiasi, au anakonda ilhali anakula, usiseme ni uzee tu. Mpeleke.

Vigae nimevitandikia vizulia vyenye mpira chini, kutoka anapolala hadi mlangoni. Ni gharama ndogo, na hajaanguka tena.

Tunatoka kukiwa bado na kigiza chembamba. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, kuhema hakumsaidii sana. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, saa moja jua limeshakuwa kali, kwa hiyo saa hiyo sisi tumesharudi. Maji yakiwa yamekupwa tunashuka ufuoni, maana mchanga uliolowa ni mgumu na miguu yake haizami. Saa za kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, basi ziko siku bahari inatupa nafasi na ziko siku tunaishia kichochoroni, chini ya mkungu ule ule anaounusa kila siku kana kwamba umepandwa jana. Zamani ningemvuta. Sasa nimeelewa kwamba macho na masikio yakishadhoofika, pua ndiyo iliyobaki kumpa habari za mtaa, nami simkatizi.

Jirani yangu ni Mwislamu na hamgusi, kwa ajili ya twahara yake, nami humshika Bosi upande wangu tunapopita. Lakini kila asubuhi ameshaweka kopo la maji nje ya geti. "Mzee kaamkaje leo?" huniuliza. Siku moja alinisimulia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Alinisimulia huku Bosi akinywa, taratibu, mpaka kopo likakauka.

Tukirudi namkagua kupe, masikioni na katikati ya vidole, kisha nafunua mdomo nione ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani homa ya kupe humaliza damu.

Chakula chake ni ugali laini uliolowekwa kwenye supu ya samaki, miba yote imetolewa. Mbaazi zangu simpi, zina kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Anapokula nakaa naye kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu ya kunguru. Mnawajua kunguru wa Mombasa. Walipogundua kwamba hawezi tena kuwafukuza, walianza kumnyang'anya chakula mbele ya pua yake. Sasa hujipanga ukutani na kumtazama, mimi nashika ufagio na chai yangu. Bosi hainui hata kichwa. Anakula, anapumzika kidogo, anaendelea, na akimaliza anailamba sahani mpaka inagonga ukuta. Ndipo navaa viatu.