Jibu: Uzamivu wa uuguzi, afya ya uzazi na imani

Dada, umeuliza kama muuguzi Mkatoliki anaweza kusomea uzamivu (PhD) wa afya ya uzazi wa wanawake bila kuiweka imani kando. Anaweza kabisa. Usimsikilize anayekwambia fani hii ni vidonge na vijiti vya kuzuia mimba tu.

Mtazame Richard Fehring, profesa mstaafu wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Marquette, chuo cha Wajesuiti kule Milwaukee, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walianzisha njia ya asili ya kupanga uzazi inayotumia kipimo cha nyumbani cha homoni kwenye mkojo, na wakaichunguza kwa tafiti. Hiyo ni kazi iliyotoka mikononi mwa wauguzi!

Halafu kuna jambo wengi hawalijui: waraka wa Papa Paulo VI wa 1968, Humanae Vitae, unaokataza njia zisizo za asili za kuzuia mimba, haukatazi tiba ya ugonjwa hata ikileta utasa, mradi utasa wenyewe si lengo. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kizazi kwa dhamiri safi.

Na mada zimejaa hapa hapa Mwanza. Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu. Kichocho cha via vya uzazi, ambacho dalili zake hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa, mama akaaibika bure. Hicho ningekichagua mimi. Pale Bugando, hospitali na chuo kikuu vyote viko chini ya maaskofu, kwa hiyo anzia hapo kutafuta msimamizi, na mweleze msimamo wako kabla hujaandika pendekezo la utafiti.