Amonia inakimbia mita 600 kwa sekunde, mbona inachelewa kufika?

Swali: Nimeweka pamba yenye amonia mwanzoni mwa bomba la kioo la mita moja, nimeziba pande zote. Kwa hesabu yangu molekuli zinaenda mita 600 kwa sekunde, sasa mbona nasubiri tu? Muda nakadiriaje?

Jibu: Mwendo umeupata sawa ndugu yangu, shida ni kwamba molekuli haiendi njia nyoofu, kwenye hewa ya kawaida inagongana na nyingine kila nanomita 70 hivi, inageuzwa, inagonga tena, mara inarudi ilikotoka. Achana na mwendo, tafuta namba ya difusheni (gesi kujisambaza yenyewe ndani ya nyingine), D, ambayo ni moja kwa hizo gesi mbili, yani amonia ndani ya hewa au hewa ndani ya amonia jibu ni lilelile. Na wanaochomeka sheria ya Graham (gesi nyepesi inatoka haraka kuliko nzito) hapa wanakosea, ile ni ya gesi inayovuja kwenye kitundu kidogo sana.

Mimi natumia fomula ya Fuller na wenzake ya 1966:

D = 0.00143 × T^1.75 ÷ [P × √M × (∛Va + ∛Vb)²]

T ni joto kwa kelvini, P ni presha kwa baa, M = 2 ÷ (1/Ma + 1/Mb) ambapo Ma na Mb ni uzito wa molekuli za amonia na hewa, V ni ujazo wa difusheni wa kila gesi, unazitoa kwenye jedwali: amonia 20.7, hewa 19.7. M inakuja 21.4, na kwa nyuzi 25 na presha ya kawaida D inatoka kama 0.22 cm² kwa sekunde. Presha ikiwa mara mbili D inabaki nusu, ukipasha hadi nyuzi 100 inaongezeka karibu nusu yake.

Muda sasa: t = L² ÷ 2D, L ni umbali kwa sentimita, t ni sekunde. Sentimita 1 ni sekunde 2 na ushee, sentimita 10 karibu dakika 4, mita nzima masaa 6 na zaidi! Umbali ukizidi mara kumi muda unazidi mara mia, hapo ndo wengi wanapigwa. Ila hayo masaa ni ya gesi kusambaa kwa wingi, karatasi ya litimasi (inayoonyesha amonia imefika) ukiiweka mwisho wa bomba itabadilika rangi mapema zaidi maana chembe chache zinatangulia.

Halafu simamisha bomba, amonia iwe juu. Ukiiweka chini itapanda yenyewe kwa wepesi wake, na hiyo sio difusheni tena.