Barua kwa mwanangu: Mwaka Kogwa ni wa nani?

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema mtalii mmoja huko Paje alikuuliza kama Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya hapa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tunaufanya kwa ajili yao watalii, ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza mimi: mila hii bado ni yetu, au imeshageuka maonyesho?

Ni yetu, mwanangu, na sisiti kusema hivyo.

Asili yake tunaambiwa ni Uajemi, na huko Iran wanao Nairuzi, mwaka mpya wao, wanausherehekea Machi. Wetu unaangukia Julai, kwa sababu tunahesabu siku 365 tu, hatuongezi siku ya mwaka mrefu. Kwa hivyo kila miaka 4 unarudi nyuma siku moja. Bibi yake bibi yako aliusherehekea Agosti. Babu yako hakuwa na kalenda ukutani. Alihesabu miongo, siku kumi kumi, miongo 36, kisha siku 5 za gatha za kumalizia mwaka, na kwa hesabu hiyo alijua lini atayarishe shamba na lini pepo zinageuka baharini. Hesabu hiyo ndiyo inayotuita Kae Kuu, uwanja wetu wa sherehe. Hakuna hoteli iliyoipanga.

Na wageni je? Kwetu, nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka huonekana haina heri. Zamani, pwani yetu haina hoteli hata moja, watu walikuja kutoka mjini na vijiji vya mbali, wengine hawamjui mtu, wakakaribishwa ndani wakala. Mgeni amo ndani ya mila yenyewe. Huyo wa Paje naye ni mgeni.

Kinachoniuma ni vijana wetu. Nawaona wanapigana kwa migomba huku macho yako kwenye kamera. Wa upande wa Kaskazini na wa Kusini wa Makunduchi wanakutana pale ili kinyongo cha mwaka mzima kiishe. Mgomba unapasukia mgongoni, utomvu unarukia shati, na doa lake halitoki hata ufue vipi. Baba yako analo shati la namna hiyo; alichafuliwa na rafiki yake waliyenuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Jioni ile wakala sinia moja. Anayepiga ili apigwe picha hurudi na kinyongo chake nyumbani.

Na sisi wanawake tunapozunguka tukiimba Kimakunduchi, tunasemana na tunasutana, mambo ya mwaka mzima yanatoka. Mtalii anaona kanga na mapambo tu. Kibanda cha makuti kikiwashwa, anaona moto. Sisi tunatazama moshi umeelekea wapi, tujue heri ya mwaka unaokuja. Hayo asipoyasikia kwako, atayasikia kwa nani?

Mwambie basi: hatufanyi kwa ajili yenu, lakini mmekaribishwa.

Mwaka huu omba ruhusa kazini mapema, uje siku moja kabla. Kama bado yupo, mlete. Avae nguo ya kusitiri, na siku hiyo asile hotelini. Nitapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Ila kabla hujaja, mpigie ba'mkubwa wako akufundishe kuhesabu miongo. Katika ukoo wetu amebaki yeye tu anayeijua, na umri umeshakwenda.

Mama yako