Alhamisi Jioni, Nenda Hivyo Hivyo na Uchovu Wako

Kwa miaka miwili nilikuwa Mkristo wa Jumapili. Ibada ya kwanza, benchi la nyuma karibu na mlango, baraka ikitolewa tu niko juu ya bodaboda. Jumuiya ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam husali Alhamisi saa kumi na mbili jioni, nyumba kwa nyumba, na mimi kila wiki nilikuwa na foleni ya kusingizia.

Kisha nikaachishwa kazi. Jumapili tatu mfululizo niliulizwa, "Bwana asifiwe, habari za nyumbani?" Nikajibu nzuri. Ungejibu nini mlangoni, na umati unakusukuma utoke?

Alhamisi moja ibada ikawa kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, nikaona aibu kujifanya sisikii nyimbo. Tulikuwa tisa. Umeme umekatika, somo linasomwa kwa tochi ya simu, mtoto kalala mkekani katikati yetu. Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, zamu ikazunguka mmoja mmoja. Katika watu tisa utajificha wapi? Nikasema. Hakuna aliyenihubiria. Mama mmoja anayeuza vitumbua aliuliza tu, "Kodi ya nyumba inaisha lini?" Swali hilo nalikumbuka kuliko maombi yenyewe, Mungu anisamehe.

Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja", tumeigeuza fimbo ya kuwachapia watoro. Anzia mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi". Jumapili mimi nilikuwa naangalia visogo.

Kwa hiyo nenda na nguo zako za kazini, hata kama utakuta sala ya mwisho. Zamu ya nyumbani kwako ikifika, usiahirishe kwa sababu ya makochi. Viti vya plastiki vya kuazima na chai ya rangi vinatosha. Michango ipo, tena mingi, sikudanganyi. Huna, sema huna. Na kama siri za maombi zinageuka umbea kisimani, mwone mzee wa kanisa mapema, usisuse kimyakimya.

Juzi nilijipa ruhusa ya kupumzika. Saa kumi na mbili na robo simu ikaita, mama wa vitumbua: "Unaumwa, au umelala?" Nikatafuta kandambili.